Vuli Mbili

Baba aliniuliza swali moja tu kuhusu maua yangu: "Yanaliwa?"

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba 2023. Nilikuwa sokoni Wageningen, Uholanzi, mkono mmoja nimeshika simu na mkono wa pili mfuko wa wavu wenye matunguu ishirini na tano ya tulipu. Nilimgeuzia kamera ayaone. Aliyatazama kwa muda, uso kausogeza karibu na kioo kama anavyofanya akikagua miche, kisha akauliza hivyo. Nikamwambia hapana baba, haya ni ya maua. Yanapandwa sasa, yanachanua Aprili.

Akacheka. "Kumbe huko nako mnanunua vitunguu," akasema. "Na mimi huku nina magunia sitini yanangoja bei yako."

Baba ni mkulima wa vitunguu Mang'ola, wilaya ya Karatu, kule bondeni karibu na Ziwa Eyasi. Alifika akiwa kijana kutoka Singida, akaanza kwa kibarua cha kupalilia, akakodi robo eka, halafu nusu, halafu akapata yake. Mang'ola si mahali pa kutegemea mvua. Maji yanatoka kwenye chemchemi, yanaletwa na mifereji, na kila mtu ana zamu yake. Ukilala zamu yako ikapita, utaamka shamba limekauka. Vitunguu ndivyo vilivyonisomesha. Nilipokuwa sekondari ya bweni, ada ilikuwa inafika ndani ya bahasha yenye harufu, na mhasibu alikuwa anajua ni ya nani kabla hajasoma jina.

Kwa hiyo sikuona ajabu kujikuta nimevutwa na meza ile sokoni. Tulipu haioteshwi kwa mbegu na mtu anayetaka maua mwakani; inaoteshwa kwa tunguu, na tunguu lake likiwa mkononi ni kitunguu kabisa: ganda la kahawia linalovunjika kama karatasi, kichwa kilichochongoka, kitako chenye alama ya mizizi. Hata lugha yetu inajua undugu huo. Kitunguu ni tunguu dogo. Muuzaji alinieleza kwamba yanapangwa kwa mzunguko wa kiuno chake: yenye sentimita 12 na zaidi ndiyo ya bei ya juu, kwa sababu tunguu kubwa lina akiba ya kutosha kutoa ua kubwa. Lakini kuchagua hakunifundisha yeye. Nilibonyeza shingo ya kila moja kwa dole gumba, nikalipima uzito kiganjani, nikayarudisha mezani yaliyokuwa laini au mepesi. Tunguu jepesi limeanza kukauka ndani, hata kama ganda linang'aa. Hayo nilifundishwa na baba nikiwa na miaka saba, nimekaa juu ya debe.

Nilichokuwa sijui ni kwamba ndani ya kila tunguu ua limeshakamilika. Ukilipasua katikati wakati wa vuli, kwa urefu, utaliona: kijiua cha rangi ya maziwa, kimesimama katikati ya maganda manene, kina petali zake na kila kitu. Linaumbwa kiangazi, tunguu likiwa limeshang'olewa na kuwekwa ghalani. Mkulima anaponunua vuli, ananunua kazi iliyokwisha kufanyika. Kilichobaki ni kutoiharibu.

*

Sasa nieleze hiyo bei yangu.

Mwezi mmoja kabla ya siku ile ya sokoni, nikiwa na wiki mbili tu Uholanzi, dalali alifika shambani akataka kubeba mzigo wote wa baba. Alitaka kwa lumbesa, yale magunia yaliyovimba yenye kilemba juu, ambapo mkulima anauza gunia moja na robo na kulipwa moja. Baba amezoea, angeuza. Lakini safari hii alimwambia dalali asubiri, akanipigia. "Wewe ndiye msomi wa bei," akasema.

Nilikuwa nimekuja kusoma uzamili wa uchumi wa kilimo. Nilikuwa na kadi mpya ya maktaba, na hamu ya kuonyesha kwamba zile bahasha zilifanya kazi. Nikafungua kompyuta. Agosti ya mwaka huo India ilikuwa imeweka ushuru wa asilimia 40 kwa vitunguu vinavyouzwa nje. India ni mmoja wa wauzaji wakubwa wa vitunguu duniani. Ikibana, wanunuzi wanatafuta kwingine na bei inapanda. Nikachora grafu, nikamtumia kwa WhatsApp. Baba hasomi grafu, lakini alisema ule mstari unapanda kama barabara ya Ngorongoro. Alifurahi. Halafu akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Ila redioni wanasema vuli ya mwaka huu itakuwa kubwa. El Niño."

Nikamjibu, na maneno haya nayakumbuka yote: "Baba, Mang'ola mvua ilitusumbua lini? Subiri Desemba."

Akasubiri.

*

Katika muhula huohuo tulifundishwa kisa ambacho kila mwanafunzi wa uchumi hukutana nacho. Uholanzi ya miaka ya 1630, watu walishikwa na homa ya tulipu. Matunguu ya aina adimu, hasa yale yenye maua ya michirizi, yaliuzwa kwa bei ya kutisha. Michirizi yenyewe, ilikuja kujulikana karne tatu baadaye, ilikuwa ugonjwa: virusi vinavyolidhoofisha tunguu huku vikilipamba ua. Majira ya baridi, matunguu yakiwa ardhini ambako hakuna anayeweza kuyaona wala kuyabonyeza, watu waliuziana ahadi kwenye vilabu vya pombe, karatasi kwa karatasi. Wenyewe waliiita biashara ya upepo. Mwanzoni mwa Februari 1637, huko Haarlem, wanunuzi hawakutokea, na bei ikaanguka.

Mwalimu alitutahadharisha tusiamini kila kitu kinachosimuliwa. Mwanahistoria Anne Goldgar, katika kitabu chake cha mwaka 2007, alipekua kumbukumbu za wakati ule akaonyesha kwamba walioumia walikuwa wachache na nchi haikufilisika. Kilichovunjika zaidi, anasema, ni kuaminiana: mtu aliyekuahidi mbele ya watu amekataa kulipa, na utamwita nani tena muungwana? Niliandika hoja hiyo kwenye daftari langu, nikaipigia mstari. Sikuwa na habari kwamba inanihusu.

*

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuuzika sehemu ya mji wa Katesh. Watu wengi walikufa. Niliona picha nikiwa jikoni, nikapiga simu nyumbani mara sita kabla haijapokelewa. Mang'ola ni mbali na Katesh, lakini nikiwa huku mbali, ramani yote ya kaskazini ilikuwa imejikunja ikawa kijiji kimoja.

"Sisi hatujafikwa," baba akasema. "Tumshukuru Mungu." Kisha akanyamaza, nikasikia mvua ikipiga bati. "Ila mama, vile vitunguu."

Vilianza kuoza katikati ya Novemba. Banda la vitunguu Mang'ola hujengwa kwa fito zilizoachana ili upepo upite, paa la nyasi, sakafu imeinuliwa. Ni banda la mahali pakavu. Mvua ile iliingia kwa juu, maji yaliyoshuka kutoka milimani yakapita kwa chini, na katikati yake hewa ikawa na unyevu mchana na usiku. Kitunguu kinachohifadhiwa kinataka kitu kimoja tu: ukavu. Kikikosa, shingo inalegea, kimoja kinaoza, kinamwagia jirani yake maji, na baada ya wiki mtu unafagia uji. Baba alikuwa ameficha kwa wiki tatu. Katika magunia sitini aliokoa kumi na moja.

Na bei ilipanda. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Tarehe 8 Desemba India ilifunga kabisa mauzo ya vitunguu nje, na yale magunia kumi na moja yalipata bei ambayo baba hajawahi kuipata. Grafu yangu ilikuwa sahihi. Niliangalia mstari wa pesa, sikuuliza kitu chenyewe kimekaa wapi, juu ya sakafu gani, chini ya paa gani. Nilimuuzia baba upepo, naye akaununua kwa sababu aliyemuuzia ni mimi.

Mdogo wangu alikuwa aanze chuo cha ufundi umeme Januari. Aliniandikia ujumbe mmoja: "Dada, mwambie Mhindi wako anilipie ada." Sikujua nimjibu nini. Sikumjibu.

*

Usiku huo nilikumbuka matunguu yangu.

Nilikuwa sijayapanda. Nilikuwa nimeyaweka kwenye kabati la jikoni tunaloshirikiana watu wanne, nikajiambia nitayapanda nikipata nafasi, na nafasi ikaliwa na mitihani. Nilipofungua kabati nilikuta mfuko umeegemea sanduku la matufaha la mwenzangu wa chumba cha pili. Manne yalikuwa na ukungu wa bluu, laini kama fizi. Niliyatupa. Yaliyobaki ishirini na moja yalikuwa magumu, nikashukuru.

Nilimweleza mama mmoja mtu mzima anayeishi chini ya ghorofa yetu, ambaye ndiye mwenye kipande cha bustani nyuma ya nyumba. Aliposikia neno matufaha alikunja uso. Tunda linaloiva linatoa gesi iitwayo ethilini, akanieleza, na gesi hiyo inakiua kile kijiua cha ndani. Tunguu lenyewe halionyeshi dalili yoyote. Utalishika gumu, zito, zuri, na ndani hakuna kitu. Nilihisi aibu ya aina yake. Ethilini ninaijua tangu utoto bila kujua jina lake: ndiyo sababu mama alikuwa anaweka ndizi moja iliyoiva ndani ya gunia la ndizi mbichi, akalifunga, akatuzuia tusilichungulie. Nilikuwa na elimu hiyo nyumbani. Nilikuwa na elimu ya redio pia, kama ningeisikiliza.

"Yapande tu," yule mama akasema. "Desemba si kuchelewa sana, maadamu ardhi haijaganda."

Tukashuka bustanini Jumamosi, saa tisa, jua likiwa tayari linaaga. Nilichimba mashimo ya sentimita kumi na tano, karibu mara tatu ya urefu wa tunguu. Kichwa juu, kitako chini. Kati ya moja na jingine, nafasi ya ngumi. Udongo ulikuwa mweusi, wenye mchanga, baridi kiasi kwamba vidole viliacha kuwa vyangu. Yule mama alisimama na kikombe cha chai, akanisimulia kwamba mama yake alikuwa msichana huko Haarlem katika majira ya baridi ya 1944 kwenda 1945, Wajerumani walipozuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi. Takriban watu 20,000 walikufa kwa njaa. Kwenye maghala kulikuwa na matunguu ya tulipu yasiyo na soko kwa ajili ya vita, na watu wakayala. Yalipasuliwa katikati, ule moyo wa manjano ukatolewa kwa sababu unaumiza tumbo, yaliyobaki yakachemshwa au kusagwa unga. Mama yake alipanda tulipu kila mwaka hadi kufa kwake, lakini hakuwahi kuzileta ndani ya nyumba.

Nikamwambia baba yangu aliniuliza kama yanaliwa. "Mwambie ndiyo," akasema. "Lakini mwambie ni afadhali asije akajua ladha yake."

*

Majira haya tunayaita vuli kwa Kiswahili. Neno ni moja, mambo ni mawili. Vuli ya nyumbani ni mvua fupi ya kuanzia Oktoba, ardhi inafunguka, watu wanapanda wakitarajia kuona kitu baada ya siku saba. Vuli ya huku ni kufunga: majani yanadondoka, giza linakuja saa kumi na moja jioni, na anayepanda anapanda ili asione kitu kwa miezi minne au mitano.

Nilisoma kwa nini. Tulipu asili yake ni milima ya Asia ya Kati, huko kwenye safu za Tian Shan na Pamir, ikapitia bustani za Waturuki kabla ya kufika Uholanzi. Carolus Clusius aliipanda kwenye bustani ya chuo ya Leiden, ikachanua mwaka 1594. Karne zote hizo haijasahau mlima. Inahitaji wiki kumi na mbili hadi kumi na sita za baridi, chini ya nyuzi joto tisa hivi, ndipo shina linapopata ruhusa ya kurefuka. Ukiinyima baridi ukaipa joto na maji mengi, itatoa ua fupi lililokwama ndani ya majani, au haitatoa kabisa. Baridi kwake ndiyo saa yake.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaza juu ya neno nililomwambia baba. Subiri. Nilikuwa nalitumia kana kwamba kusubiri ni kitu kimoja, kwamba ukikaa kimya vya kutosha thamani inaongezeka yenyewe. Lakini kitunguu cha baba na tunguu langu havikuwa vinasubiri kitu kimoja. Kimoja hakisubiri chochote. Kinazeeka tu, na unaweza kukichelewesha ukikipa ukavu na upepo. Kingine kinahesabu siku za baridi. Ghala la kwanza ni la kuzuia, la pili ni la kuandaa. Mtu wa kukuambia usubiri anapaswa kwanza ajue unasubiri nini, na wewe una paa la namna gani.

*

Majani yalitokeza Machi. Kati ya ishirini na moja, kumi na tisa yalitoka ardhini, ya kijani iliyochanganyika na kijivu, yamesimama wima kama ndimi. Nilikuwa nashuka kila asubuhi kabla ya darasa. Wiki ya kwanza ya Mei, wakati tulipu za watu wengine zilikuwa zimeshapukutika, yangu yalichanua manane. Mekundu. Kumi na moja yalibaki majani matupu. Wakulima wa huku huyaita vipofu. Ua lilikuwemo nilipoyanunua, nililibonyeza kwa dole gumba langu mwenyewe. Lilifia kabatini.

Nikampigia baba kwa kamera.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Ndiyo hayo?"

"Ndiyo."

"Ulipanda mangapi?"

"Ishirini na moja. Yaliyotoa maua ni manane." Nikamweleza habari ya matufaha. Alicheka mpaka akakohoa. "Mtoto wa mkulima wa vitunguu," akasema. "Mtoto wa mkulima wa vitunguu!"

Nilimwacha amalize. Nilikuwa nimechutama, simu nimeielekeza kwenye maua ili asinione uso. Tangu Desemba tulikuwa tumezungumza kila wiki, habari za zamu ya maji, za mbegu, za mguu wake, na hakuna hata siku moja aliyotaja magunia. Wala mimi. Nikasema, "Baba, nisamehe kwa yale magunia."

Alikaa kimya kiasi kwamba nilidhani bando limekata.

"Redio niliisikia mimi mwenyewe," akasema mwishowe. "Na mawingu niliyaona. Dalali alirudi mara ya pili, hukuambiwa hilo, nikamfukuza. Mama, nilitaka wewe ndiye uwe unajua."

Sikuweza kusema kitu. Akaniomba nisogeze kamera aone ua kwa ndani. Nikasogeza. Akauliza lile doa jeusi chini ni ugonjwa au ndivyo lilivyo. Nikamwambia ndivyo lilivyo.

*

Sasa ni vuli yangu ya pili, Oktoba 2024. Nimenunua matunguu mengine ishirini na tano, safari hii yamo ndani ya mfuko wa karatasi, kwenye chumba cha baiskeli, mbali na tunda la mtu yeyote. Nitayapanda Novemba. Ardhi ikiwa imepoa, hatari ya ukungu wa udongoni inapungua, na bado wiki za baridi zinatosha.

Mwezi uliopita baba alinipigia tena kuhusu bei. Nilitamani kufungua kompyuta. Badala yake nilimuuliza redio inasemaje, banda limeezekwa na nini sasa, vitunguu vilikaa siku ngapi kivulini kabla ya kuingia ndani, na yeye anaonaje. Tulizungumza saa nzima. Ameuza nusu, amebakiza nusu. Huo ulikuwa uamuzi wake. Mimi nilichangia kwamba asikubali lumbesa, na hilo alikuwa analijua tangu kabla sijazaliwa.

Mdogo wangu anaendesha bodaboda Karatu mjini. Hajaanza chuo. Juma lililopita nilimtumia nusu ya ada kutoka kwenye posho yangu, nikamwandikia ujumbe mrefu, nikaufuta, nikaandika mfupi. Alijibu kesho yake: "Imefika." Neno hilo moja tu, tangu ule ujumbe wa Mhindi.

Sijui la pili litakuja lini. Sikumhimiza. Nilikwenda chumba cha baiskeli, nikayageuza matunguu moja moja, nikabonyeza shingo, nikayarudisha kwenye karatasi yake.